Udongo wa Kwanza

Watu wa Mabatini, Mwanza, hawakunijua kwa jina langu. Waliniita Shemeji. Nikienda dukani kununua sabuni, muuza mkaa ananisonya hadi nageuka; binti wa kibanda cha kuchaji simu anauliza kwa sauti kama yule mjane nimemrudishia nyumba yake au bado. Fundi viatu mmoja, mzee wa heshima zake, alinitupia kandambili aliyokuwa akiishona. Ilinipata sikioni. Niliiokota, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na furaha, kwa sababu mwigizaji wa tamthilia akipigwa kandambili na mtu asiyemjua, ujue kazi yake imefika.

Nilikuwa mtu mbaya wa tamthilia, na nilikuwa mbaya kwa muda mrefu. Baada ya taarifa ya habari nilimtesa mke wa marehemu kaka yangu mbele ya nchi nzima. Nilimfukuza kwenye nyumba, nikauza kitanda alichozalia, nikamwaga mboga yake watoto wakiangalia. Tulirekodia Butimba, kwenye nyumba ya kupanga ambayo sebule yake ilipakwa rangi ukuta mmoja tu, ule unaoonekana na kamera. Kuta nyingine zilikuwa na ukungu. Jogoo wa jirani akiwika katikati ya kilio, tunaanza upya. Msichana aliyeigiza mjane alikuwa na mdomo mchafu kuliko kondakta, na kamera ikizimwa alikuwa ananiomba nimkune mgongo kwa sababu lile gauni la msiba lilimwasha. Hayo ndiyo maisha ya nyota, na hakuna anayetaka kuyasikia. Watu wanataka kujua kama kweli nina roho mbaya.

Ninayo. Lakini ile ya kwenye tamthilia haikuwa yangu. Nilimwibia baba yangu mdogo.

Kwetu ni mwambao wa ziwa, unafuata barabara ya Musoma, unapita Kisesa, unapita Magu, halafu unashuka kushoto hadi unaona maji na dagaa zilizoanikwa kwenye majabali. Baba alifia huko nikiwa mdogo. Katika ukoo wetu mzazi huzikwa na mwanawe: mtoto wa kiume wa kwanza huchota udongo kwa mkono mtupu, huutupa kaburini kabla ya mtu mwingine yeyote, na husema neno moja, "Pokea." Asipofanya hivyo, wanasema, marehemu hulala mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Nilimtupia baba huku mama amenishika kiuno nisije nikateleza nikaingia. Mimi ndiye mtoto pekee wa kiume aliyekuwa naye. Jioni hiyo, akininawisha mikono, mama aliniambia, "Na mimi utanifanyia hivi hivi." Nikasema ndiyo. Katika maisha yangu nimewaahidi watu mambo mengi ya uongo, lakini lile nililitaka kwa moyo wangu wote.

Matanga hayajaanuliwa vizuri, baba mdogo akaja kumrithi mama. Mama akasema yeye ni mtu wa kanisa na hataki. Basi baba mdogo akarithi vilivyobaki: ng'ombe, na shamba la mihogo la kando ya maji. Namkumbuka siku aliyokuja kulichukua. Alikohoa kidogo, kikohozi cha kusafisha njia ya uongo, akasema anafanya yote kwa mapenzi ya marehemu. Mama alipoanza kulia, yeye alitoa njiti ya kiberiti akawa anachokonoa sikio taratibu, macho yameelekea ziwani, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Alipomaliza aliitazama ile njiti, akaipangusa, akairudisha mfukoni.

Kile kikohozi nilikitia kwenye tamthilia. Na njiti niliitia. Mwongozaji, kijana wa Dar mwenye kofia na karanga za kutafuna saa zote, alipiga magoti ya furaha mara ya kwanza alipoiona ile njiti. "Umeitoa wapi hii?" Nikamwambia nimeibuni. Kijijini kwetu kuna banda moja lenye televisheni, pale senta, na watu hawakuhitaji kuelezwa. Walimtambua baba mdogo kabla sijamaliza kukohoa. Wakaanza kumwamkia "Shikamoo Shemeji," watoto wakimchokonolea masikio kwa mbali. Mama alinipigia simu akicheka hadi akakosa pumzi. Sitaomba radhi kwa hilo. Kicheko kile kilikuwa ndicho kitu pekee mama alichowahi kurudishiwa katika vyote vilivyochukuliwa.

Baba mdogo naye alicheka. Alikaa banda lile lile, benchi la mbele, akacheka pamoja nao. Wahenga hawakukosea waliposema simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Halafu watazamaji wakachoka kunichukia nikiwa hai. Waliandika kwenye simu zao, afe, afe huyo mbwa, na mwongozaji, mtu msikivu, akawapigisha kura: agongwe na gari, anywe sumu, au ziwa limle. Nilikaa chumbani kwangu nikitazama watu wanavyonichagulia kifo. Jirani yangu wa mlango wa pili alichagua sumu, akaja kuniambia. Ziwa likashinda. Mwongozaji akasema anataka kaburi lenye maji kwa nyuma na majabali, kitu cha kupendeza.

Nikasema, kwetu.

Nilitaka baba mdogo aone kamera zikishushwa uani. Nilitaka aone watu wa mjini wakiniuliza mimi kiti kiwekwe wapi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Alitupokea vizuri mno. Alichinja kuku. Alimshika mwongozaji mkono akamzungusha bomani kama anamuuzia. "Kaburi mtachimba wapi?" akauliza. Mwongozaji akasema popote penye mwanga. Baba mdogo akakohoa kidogo, akamwonyesha pembeni mwa kaburi la baba. "Hapa ndipo pake," akasema, akaenda kuleta jembe lake mwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kaburi likishachimbwa kwetu haliachwi wazi. Ikitokea mtu kapotea ziwani na mwili haukuonekana, huzikwa mgomba. Unafungwa kwa shuka, unaitwa kwa jina la marehemu, unafukiwa. Shimo tupu ni mdomo ulioahidiwa chakula. Nililijua hilo kama ninavyojua kuogelea. Lakini nilishakaa mjini, nilishakuwa nyota, nikajiambia hii ni kazi, na kama kuna la kufanya, baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo, atalifanya.

Walinilaza kwenye jeneza tuliloazima kwa seremala wa Mabatini. Poda ilikuwa imekwisha, dada wa mekapu akanipaka unga wa muhogo usoni, akanitia pamba puani. Mwongozaji alikuwa amesikia kwamba mama yangu ni mliaji, mmoja wa wale wanawake wanaoitwa kwenye misiba kwa sababu wakianza wao, hata wanaume hutafuta leso. Akamwomba alie. Mama akakataa.

"Mtoto mzima haliliwi," alisema.

Baba mdogo akamsogelea, sauti ya asali. "Shemeji, lia tu, ni mchezo. Au unataka mwanao afukuzwe kazi kwa sababu yako?"

Mama akaja. Nilikuwa nimefumba macho, nikasikia magoti yake yakigonga ubao. Alianza polepole, kisha akaniita kwa lile jina la ukoo linalotamkwa siku ya kumpa mtoto na siku ya kumzika, siku nyingine halitamkwi. Sikuwahi kulisikia. Nadhani hata yeye hakukusudia. Mliaji akishafika mahali pale, mdomo unajiendea. Machozi yake yalinidondokea mdomoni. Nami nililala pale nimebana pumzi, nikiwa na furaha tupu, nikiwaza kwamba hakuna mwigizaji Tanzania nzima aliyewahi kupata kipande kama hiki.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. Wote wakapiga makofi. Mama hakukata. Ilibidi nikae kitako ndani ya jeneza, na pamba zangu, nimshike mikono, na aliponiona nimeinuka alirudi nyuma kwa makalio, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

Tukarekodi udongo ukitupwa. Wa kwanza aliutupa baba mdogo. Kisha jeneza likatolewa shimoni, likafutwa vumbi, maana seremala alikuwa na mteja wa kweli anayelisubiri. Nilianza kutafuta jembe nifukie. Baba mdogo akanigusa bega. "Nendeni, mwanga unawakimbia. Sisi wenye nyumba tutafukia."

Hakufukia.

Kipande kilipoonyeshwa, wanawake wa jirani walikwenda kwa mama na sukari na unga, nusu wanacheka, nusu hawacheki. Katekista akawakemea. Lakini pale senta baba mdogo alisema, kwa huzuni kubwa, kwamba mambo haya si ya kucheka. Jembe ni la ukoo. Udongo umetupwa na mkono wa ukoo. Mama mzazi kamwita kwa jina lake kaburini. "Basi mtoto wetu tumeshamzika," alisema, na nimeambiwa alitoa njiti yake akachokonoa sikio.

Mama alinipigia akaniambia nisije nyumbani kwanza. Nilicheka. Nikaja Krismasi, nimebeba kitenge na mkate wa siagi. Shimo nililiona kabla ya nyumba. Mvua ilikuwa imelijaza nusu, na mama alikuwa amelifunika kwa mabati chakavu na miiba ili mbuzi wasitumbukie. Yeye alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu upande huu, mwingine upande ule.

"Shikamoo mama."

Hakuna mama wa kwetu anayemwitikia marehemu. Alinitengea ugali na sangara juu ya jiwe, nje, mahali wanapotengewa wapita njia, akakaa ndani akinitazama nikila, machozi yakimtiririka hadi shingoni.

"Mama, mimi si mgeni hapa."

"Ndiyo maana," akasema. "Mgeni ningemkaribisha."

Hapo nikaacha kucheka. Aliniambia dawa ipo. Mgomba uzikwe mahali pangu, kondoo achinjwe, ukuta wa nyuma wa nyumba utobolewe, nami niingie kwa hapo kwa magoti kama mtoto anayezaliwa, yeye anipokee. Kazi ya kufa mtu. Lakini anayeushika mgomba lazima awe mkubwa wa ukoo. "Nenda kamwangukie," mama alisema. "Mimi nikifa leo, nani atanitupia udongo?"

Nilimkuta senta, kwenye benchi lake, watu wamejaa kusubiri mpira. Nilipiga magoti vumbini mbele ya watu wote. Suruali yangu ilikuwa nyeupe. "Shikamoo baba mdogo."

"Nani anaongea?" aliwauliza wenzake.

Wakacheka. Nikaomba. Nilitaja mgomba, nilitaja kondoo, nikasema nitamleta mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwanza niigizie. Watu hapa wananiambia kuna mtu unamwiga vizuri sana. Mimi macho yangu mabovu, kule kwenye televisheni sikuona."

Nilijua ananipeleka wapi, na nikaenda. Nilikohoa kile kikohozi. Mtu mmoja akanipa njiti ya kiberiti. Nikachokonoa sikio nikitazama ziwani, nikasema nafanya yote kwa mapenzi ya marehemu. Nilifanya vizuri, sijui kufanya vibaya. Banda zima liligaragara. Yeye tu hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua ile njiti kutoka kwangu, akaitazama, akaitupa.

"Anaweza huyu," akawaambia. "Lakini mimi nimezaliwa hapa nimezeekea hapa, sijaona maiti anakuja kujiombea kondoo. Msiba wa kujitakia hauna kilio." Akageukia mpira.

Nilirudi Mwanza. Mtu akishakufa kwenye tamthilia hapati kazi upesi. Mwongozaji akanitumia ujumbe kwamba watanikumbuka. Fundi viatu wa Mabatini alianza kuitikia shikamoo yangu, na hilo liliniuma kuliko kandambili.

Mama alinipigia mwanzoni mwa masika. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyeamua rangi ya kitenge. Alisema lile shimo linasumbua, linaita, na yeye hawezi kuacha liite mwanawe. "Nimemwambia baba yako mdogo, mimi nikienda wanilaze humo. Wasichimbe lingine. Likishapata mtu litanyamaza." Nilimfokea. Nilimwambia ni ushamba, nilimwambia amwone katekista, nilimwambia maneno ambayo sasa nisingeyasema. Alisubiri nimalize. "Umekula?" akauliza.

Presha ilimchukua akichambua dagaa. Nilipofika walikuwa wameshaondoa mabati na miiba, wameshakausha maji, wameshanyoosha kingo. Lilikuwa shimo langu, na lilimtosha vizuri kabisa. Baba mdogo alinipita kama unavyopita nguzo. Nilisimama nyuma, pamoja na wageni na wanakwaya, nikitazama migongo ya ndugu zangu.

Katekista alipomaliza sala, baba mdogo alisema, "Mwana wa kiume atupe udongo," akamsogeza mbele mtoto wake, limtu lizima linaloogopa hata bata.

Nilipasua katikati ya watu. Sikumwangalia mtu. Nilichota udongo mkono umejaa, nikafika ukingoni, na ningeutupa, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Waliokuja kunishika hawakuwa watu wa baba mdogo. Walikuwa mama zangu wadogo, wale waliolala na mama kitanda kimoja utotoni. Wakanishika kiwiko wakilia. "Baba, usimtupie," mmoja aliniambia, kwa upole wote duniani. "Udongo wa maiti utamfanya asilale. Mwonee huruma." Nikamtazama katekista. Akatazama kitabu chake akasema hayo ni mambo ya ukoo. Mama mdogo akanifungua vidole kimoja kimoja, akaukung'uta ule udongo kwenye nyasi, akanipangusa kiganja kwa khanga yake.

Binamu yangu akatupa. Hakusema "Pokea." Alisahau, akakumbushwa, akasema kwa haraka huku wengine wameshaanza kufukia.

Nikalia. Nililia kwa sauti niliyodhani sina. Simu zikainuka, kwanza za vijana, kisha na za watu wazima, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Ona, ona, anajiliza kama ile siku ya mboga." Mwingine akaniomba nigeuke kidogo, jua lilikuwa linampiga kwenye kioo. Nitasema ukweli kwa sababu nimekwisha kusema mengine yote: niligeuka. Mwili uligeuka wenyewe.

Mwongozaji alinipigia matanga bado hayajaanuliwa. "Pole sana na msiba, kaka. Nimeiona klipu." Akatafuna karanga kidogo. "Watu wamekumiss vibaya. Tunakurudisha. Marehemu alikuwa na pacha aliyekulia Bukoba, hakuna aliyekuwa anajua. Anakuja kudai haki." Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipokuwa tayari kusema kwamba nimerudi.

Kipande cha kwanza pacha anakwenda kwenye kaburi la ndugu yake. Kurudi kule ziwani kulikuwa mbali, wakatengeneza kaburi nyuma ya ile nyumba ya Butimba, kwenye rundo la mchanga wa fundi ujenzi, na msalaba wa mbao uliokuwa bado unanuka rangi. Skripti ilisema pacha anainama, anachota udongo, anautupa.

"Mfikirie bi mkubwa," mwongozaji akaniambia taratibu, mkono begani.

Niliinama. Mchanga ulikuwa wa moto. Nilichota mkono ukajaa, nikautupa, nikasema, "Mama, pokea." Hakuna aliyenishika kiwiko. Hata yule msichana aliyeigiza mjane alikuwa amefunika mdomo, na kwa muda mfupi nilijua kwamba nimemzika.

Jogoo wa jirani akawika.

"Turudie," mwongozaji akasema. Alikuwa na machozi. "Hilo neno 'pokea' ni zuri sana, libaki. Ila hapo si mama, kaburi ni la kaka yako. Toa mama, weka kaka."

Nikachota tena. "Kaka, pokea," nikasema, na akasema hapo ndipo penyewe.